Reli Isiwe Mpaka

El Rincón, Bellamy, Michigan
9 Mei 2021

Mdogo wangu Remigio,

Natumaini barua hii inakukuta juu ya maji na siyo chini yake. Mimi ni mzima, ila masikio ndiyo yameniaga. Kifaa walichonipa hospitali kinapiga mluzi kila nikishika simu, kwa hiyo nitakuandikia, na wewe utaniandikia, hata kama mwandiko wako ni wa kuku. Mwanangu Yesenia anakusalimu. Mtoto wake ameota meno na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumng'ata padri wakati wa ubatizo. Binamu Baltazar bado analia na goti lake, lakini kukiwa na dansi husikii habari ya goti.

Nyumba yako huku kusini mwa reli iko salama. Nilipita jana nikafungua madirisha. Panya hakuna. Harufu ya upweke ipo.

Sasa neno lenyewe. Wanachora upya mipaka ya maeneo bunge ya jimbo zima. Safari hii hawachori wabunge wenyewe, kazi imepewa tume ya watu wa kawaida waliookotwa kwa bahati nasibu: mwalimu, muuza bima, mama wa nyumbani, watu kama mimi na wewe. Wanasema wanataka kujua jamii ziko wapi ili wasizikate katikati. Unajua sisi tumekatwa tangu tukiwa watoto. Mimi upande wa kaskazini mwa reli nina mbunge wa mjini, na wewe hatua chache kusini una mbunge wa kule ufukweni kwenye nyumba za likizo, ambaye sidhani kama anajua El Rincón ni mtaa au ni jina la mgahawa. Mtaro ukifurika, wangu anasema kalvati ya chini ya reli imeziba upande wa kusini, si yake. Wako hasemi kitu. Maji hayaulizi, yanaingia tu jikoni.

Tulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa zimamoto. Akasimama mkulima mmoja kutoka kata ya Haverly, Harlan Dykstra, aliyefiwa na mkewe, mrefu kama nguzo ya simu, akasema kata yao ya wakulima wa viazi vya sukari iko nzima ndani ya eneo moja na ibaki nzima, na reli ibaki mpaka kwa sababu "ni mstari ulionyooka, kila mtu anauona." Nikamwambia hata ukuta wa jela kila mtu anauona. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alivaa kofia yake akaitazama dari.

Ninachotaka kwako ni kitu kidogo. Wewe una nyumba kusini, mimi kaskazini, tumezaliwa na mama mmoja. Iandikie tume maoni yako, ukurasa mmoja tu, useme sisi ni watu wamoja. Wakiona dada na kaka wametenganishwa na mstari wao, wataelewa.

Kula vizuri. Najua mpishi huwa hali.

Dada yako,
Ofelia

*

Ndani ya meli, Ziwa Superior
2 Juni 2021

Dada Ofelia,

Barua yako niliipata pale mtoni Detroit, boti ya posta ilipojibana ubavuni mwetu tukateremsha ndoo kama kawaida. Ilipanda pamoja na majarida ya nahodha na dawa za fundi mitambo. Nikaisomea jikoni, nyama ya nguruwe ikaungua kidogo. Kosa ni lako.

Nafurahi mko wazima. Mwambie Yesenia mtoto asiadhibiwe, padri yule ana vidole vya kutamanisha. Mimi sijambo. Tumebeba madini ya chuma kutoka Duluth kwenda chini, tukarudi na mawe, tukabeba tena. Juzi niliwapikia hawa vijana wa Wisconsin nyama ya pilipili nyekundu kama ya mama. Mmoja akanywa maziwa lita nzima, halafu akaomba aongezewe.

Duluth kuna duka la mikate lililo karibu na gati, wanaoka mkate wa shayiri nyeusi, mgumu kama tofali, lakini ukipaka siagi unasahau matatizo yako. Wanauoka kwa namna ya Kifini, na tundu katikati. Zamani walikuwa wanaitundika mikate hiyo kwenye mti chini ya dari. Nimejifunza kuikanda. Siri ni kutoharakisha chachu. Kuna pia biskuti za iliki ambazo ungezipenda.

Hiyo habari ya ramani nimeisikia. Nitaifikiria.

Huyo Dykstra alisema nini baada ya kuitazama dari?

Mdogo wako,
Remi

*

El Rincón
28 Juni 2021

Remigio,

Sijambo, na huku wote hawajambo, ingawa tumelowa. Nitakueleza. Lakini kwanza niseme kwamba barua yako ina ukurasa mzima wa mkate na mstari mmoja wa ramani. Nimeisoma mara mbili nikidhani karatasi nyingine imedondokea ziwani.

Ijumaa mvua ilinyesha kama imelipwa. Mtaro ukajaa, kalvati chini ya reli ikagoma, maji yakarudi pande zote mbili. Kwa Baltazar yalifika kwenye kiti cha sofa. Kwako yaliishia kizingitini, mshukuru marehemu baba kwa kujenga juu. Tukapiga simu kwa mbunge wangu, msichana wa ofisini akasema anasikitika sana, tuulize kusini. Yesenia akapiga kusini, akajibiwa na mashine.

Wakati tuko na ndoo, nasikia trekta. Dykstra. Amekuja na pampu yake kubwa ya shambani, amevaa buti mpaka kwenye paja. Nikamuuliza, "Umepotea?"

Akasema, "Mtaro wenu ndio mtaro wangu. Huko kwangu viazi vyote vimezama."

"Kumbe unajua tunachangia maji."

"Maji nayajua, bibi. Siasa ndiyo siijui."

Akasukuma maji mpaka jioni, kaskazini kwanza, kisha kusini. Nilimpa tamale ya unga wa mahindi na nyama, bado imefungwa. Dykstra akataka kuila na ganda la mahindi. Baltazar alicheka mpaka goti likauma. Baadaye alikaa mezani kwangu tukagombana vizuri tu. Anasema kila eneo bunge lazima liwe na idadi ileile ya watu, kwa hiyo El Rincón yote ikiwekwa pamoja, mahali pengine patakatwa, na patakuwa kwao. "Ukishona huku unachana kule," akasema. Nikamwambia sisi tumechanika miaka yote, na wao hawajawahi hata kupoteza kifungo. Dykstra akifikiri unasikia akili yake ikigeuka, kama lori linatafuta gia.

Maoni yako nayasubiri. Mwisho ni vuli, lakini nakujua wewe.

Ofelia

*

Two Harbors, Minnesota
20 Julai 2021

Dada,

Haraka haraka, tunapakia. Pole sana kwa mafuriko, mpe Baltazar pole ya sofa. Mshukuru sana huyo bwana kwa niaba yangu kwa kuokoa kizingiti changu.

Nimeona kwamba kwenye barua moja umemtaja Dykstra mara nyingi kuliko ulivyomtaja mjukuu wako. Sisemi kitu. Mimi ni mpishi tu, nanusa.

Maoni ya tume nitaleta.

Remi

*

El Rincón
3 Agosti 2021

Remigio,

Leo asubuhi kuna kibao kwenye ua wako. NYUMBA INAUZWA. Kina picha ya dalali wa mjini mwenye meno mengi.

Nimeambiwa na mtu wa posta. Mtu wa posta alijua kabla yangu.

Salamu sina.

Ofelia

*

Ziwa Superior
1 Agosti 2021

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mtoto, na Yesenia, na goti la Baltazar. Hapa hali ya hewa ni mbaya, tumetia nanga kungoja upepo utulie, kwa hiyo nina muda na sina kisingizio.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kuna mwanamke Duluth. Anaitwa Marjatta. Duka la mikate ni lake. Mumewe alifariki zamani, watoto wameenda zao, na sauti yake ni kama ya mtu anayetikisa sufuria yenye vijiko. Nilikwenda kununua mkate kwa ajili ya mabaharia, akaniambia ninaushika vibaya. Ndivyo ilivyoanza. Mwaka ujao nastaafu meli, na nimemwambia nitakwenda kukaa kwake. Nimemwandikia dalali kuhusu nyumba, lakini nimemwomba asubiri, asiweke kibao kabla sijakwambia mwenyewe.

Ndiyo maana sijaandika maoni. Nikae hapa niwaambie watu wa tume kwamba sisi ni watu wamoja, tusitenganishwe, na huku nafungasha? Nilishika kalamu nikaona aibu, nikaandika habari za chachu.

Usinichukie.

11 Agosti. Ndiyo kwanza tunafika mtoni, na ndoo imepanda na barua yako kabla yangu haijashuka. Dalali hakusubiri. Sina la kuongeza. Naituma hii kama ilivyo.

Remi

*

El Rincón
2 Septemba 2021

Mdogo wangu Remi,

Natumaini u mzima, na huyo Marjatta ni mzima. Sisi hatujambo. Mtoto anatembea, yaani anaanguka kwa kuelekea mbele. Shule zimefunguliwa, na mimi niliyeendesha basi la shule miaka yote ile bado naamka alfajiri kusikiliza kama dereva mpya anabadilisha gia vizuri. Habadilishi.

Nilikasirika wiki nzima. Niliosha vyombo visivyo vichafu. Dykstra akaja kuniletea mahindi, akanikuta nakwangua sufuria, akauliza nani amekufa. Nikamwambia kaka yangu anahamia Duluth. Akafikiri, akasema, "Kuna baridi sana kule." Basi. Hakuniambia nisilie wala hakuniambia itapita. Alichukua taulo akaanza kukausha.

Kisha nikatulia. Wewe ni mtu mzima, una haki ya kushika mkate vibaya popote. Nilichokasirikia zaidi ni kudhani kwamba ukihama huwezi tena kusema sisi ni watu wamoja. Babu na bibi walitoka Texas, juu ya lori, kuja kung'oa viazi vya watu hapa. Je, waliacha kuwa na ndugu Texas? Kila Krismasi tulikuwa tunakula pilipili walizotutumia. Tume haiulizi nani atakaa milele. Inauliza nani anamzika nani, nani anamlisha nani maji yakiingia. Hayo unayajua kuliko mtu yeyote. Usiniandikie mimi, waandikie wao. Kama utauza nyumba, waambie unauza.

Tumebakiza kikao kimoja, tarehe ishirini na moja Oktoba, ukumbi wa mikutano wa Bellamy. Dykstra na mimi tunakwenda maktaba kila Jumatano, kuna kompyuta yenye ramani unayoivuta utakavyo. Bado tunagombana. Anataka kata yake nzima, mimi nataka mtaa wangu mzima, na hesabu inakataa. Juzi mkutubi alitutoa nje kwa kelele.

Je, huyo mwanamke anakula pilipili?

Dada yako,
Ofelia

*

Duluth
6 Oktoba 2021

Dada Ofelia,

Asante. Sitasema zaidi, nitaharibu.

Marjatta anasalimu. Pilipili alikula moja nzima, mbichi, kwa sababu nilimwambia asile. Machozi yakamtoka, kisha akasema kwa utulivu kwamba ni nzuri. Mtapatana.

Maoni yangu ni hayo ndani ya bahasha. Meli itakuwa Ziwa Michigan siku ya kikao, siwezi kufika. Umsomee mwenyekiti mwenyewe. Sauti yako inatosha kuamsha basi zima.

Remi

*

El Rincón
24 Oktoba 2021

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima, mtoto ana mafua, Baltazar amenunua sofa nyingine mbaya kuliko ile. Sasa keti, zima jiko, nikueleze.

Ukumbi ulijaa. Upande wa kushoto sisi wa El Rincón, kaskazini na kusini tumechanganyika. Kulia wakulima wa Haverly na makofia yao. Mbele wajumbe wa tume na barakoa zao, wamechoka, mmoja anakula karanga kwa siri chini ya meza. Kila mtu alipewa dakika mbili. Yesenia alieleza kalvati. Baltazar alieleza sofa, mwenyekiti akamkata katikati. Wakulima wakaja mmoja mmoja: kata yetu ni nzima, msiiguse. Si watu wabaya, Remi. Walisema yaleyale tuliyosema sisi: shule yetu moja, mnada wetu mmoja, tunajuana. Nikawasikiliza nikaona moyo unanirudi nyuma. Nani amkate nani?

Likaitwa jina langu. Nikasimama, nikasoma ya kwangu, vizuri tu. Kisha nikasema nina maoni ya kaka yangu, mpishi wa meli, ambaye yuko ziwani. Mwenyekiti akakubali. Nikafungua karatasi yako.

Sikujua umeandika habari za jeneza la mama. Hukuniambia.

Nilisoma mpaka "naitwa Remigio Cantú, nina nyumba kusini mwa reli, na huenda nikaiuza, kwa hiyo sina ninachojitafutia." Nikasoma na mstari unaofuata, "Mama yetu aliombewa kaskazini, na makaburi yako kusini." Hapo sauti ikafunga. Mimi, niliyewafokea watoto wa watu kwenye basi miaka yote ile. Nilijaribu tena, ikatoka hewa. Saa yao inahesabu.

Nikasikia kiti kinaburutwa upande wa kulia. Dykstra amesimama kati ya makofia. Akavuka ule ujia wa katikati, akanyoosha mkono. Nikampa karatasi yako.

Alisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya magugu, neno baada ya neno, bila kupanda wala kushuka:

"Tulipofika kwenye kivuko na jeneza, treni ya mizigo ilikuwa imesimama njiani, ndefu, haina mwisho. Tukangoja. Haikusogea. Watu wa kusini waliokuwa wanatusubiri makaburini wakaja wakasimama upande wa pili, tunaona miguu yao tu chini ya mabehewa. Hatimaye mtu akasema tusimwache mama barabarani. Wanaume wa kaskazini wakaliinua jeneza juu ya kiungo cha mabehewa mawili, na mikono ya kusini ikatokea ikalipokea. Mimi nilikuwa katikati, juu ya chuma, nalishika lisiteleze. Kwa muda kidogo mama alikuwa pande zote mbili. Hakuna aliyemuuliza mwenzake mbunge wake ni nani."

Hapo Dykstra akaacha kusoma. Nikadhani ameshindwa na mwandiko wako.

Mwenyekiti akamwuliza, "Bwana, umemaliza?"

Akasema, "Hapana. Nilikuwepo."

"Samahani?"

"Siku ile. Nilikuwa nyuma ya gari la maiti na lori la viazi. Nilikuwa na hasira, nimechelewa kiwandani. Nikashuka ili nimtukane mtu. Nikaona hilo alilolisema hapa. Nikavua kofia." Akaikunja karatasi yako vizuri. "Nimesema mwaka mzima kwamba reli ni mpaka mzuri. Nimeona watu wakipitisha mama yao juu yake, halafu nikasema ni mpaka mzuri."

Mkulima mmoja nyuma akasema, "Harlan, kaa chini."

"Nitakaa, Pieter. Kwanza nimalize." Akawageukia wajumbe wa tume. "Mtaro unaozamisha jikoni zao ndio unaozamisha mashamba yetu. Wawekeni wote pamoja, na wawekeni na sisi. Kama hesabu inazidi, kateni Haverly kwenye barabara kuu, mashamba yaliyo ng'ambo yaende kwingine. Watanuna, lakini kule ng'ambo hawana mtaro wetu."

Yule wa karanga akauliza, "Na wewe shamba lako liko upande gani wa barabara kuu?"

"Langu liko upande huu. La kaka yangu liko ng'ambo. Ni huyo aliyeniambia nikae."

Ukumbi mzima ukacheka, Remi, hata makofia. Pieter hakucheka. Aliondoka kabla ya kikao kwisha, na nje nikamwona Harlan amesimama karibu na gari lake, anatazama barabara. Sikumwambia itapita. Nilisimama naye tu.

Hawajaamua. Wanasema mwisho wa mwaka.

Nimeiweka karatasi yako kwa mama, kwenye picha.

Dada yako,
Ofelia

*

Gatini, Sturgeon Bay, Wisconsin
12 Novemba 2021

Dada,

Kila barua yako nimesoma jikoni, hii nilienda kuisomea nyuma ya meli ambako hakuna mtu. Kisha nikawasomea mabaharia. Wale vijana wa Wisconsin sasa wanauliza kila siku kama tume imeamua, utadhani ni ligi ya mpira.

Mwambie Bwana Dykstra, ambaye naona sasa anaitwa Harlan, kwamba amesoma vizuri. Nilitaka yasomwe hivyohivyo, bila kilio.

Marjatta nilimsomea kwa simu. Akauliza, "Na watu hao ndio unaowaacha?" Hakuuliza kwa ubaya. Anapenda kujua bei ya kitu kabla hajakifunga kwenye karatasi.

Remi

*

El Rincón
30 Desemba 2021

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya mapema. Tumetengeneza tamale za kutosha kulisha jeshi, Harlan sasa anaondoa ganda kama mzaliwa. Theluji imefika magotini. Mtoto amejifunza kusema "hapana" na analisema kwa lugha mbili.

Wamepiga kura. Yesenia alikuwa akifuatilia kwenye simu, mimi nikawa namtazama usoni kwa sababu sisikii. Akaniwekea ramani mbele. Nilitafuta reli. Ipo, lakini ni reli tu, imechorwa kwa wino mwembamba kama mto au barabara. Mstari mzito hauko juu yake. El Rincón yote iko ndani, kaskazini na kusini, kanisa na makaburi, mtaro mzima kutoka kwetu mpaka kwa Harlan. Mstari umekwenda kukata kule kwenye barabara kuu, kama alivyowaambia. Sijui kama ni kwa sababu yetu. Walipata maoni kutoka kila pembe ya jimbo. Mimi nachagua kuamini ni yule wa karanga.

Baltazar alivuka reli kwa miguu kuja kunikumbatia, akasahau kuchechemea.

Pieter hajazungumza na kaka yake tangu Oktoba. Lakini Krismasi alimtuma mkewe na pai ya tufaha, na kijikaratasi: "Hii ni kutoka ng'ambo." Harlan aliicheka ile karatasi mpaka akalazimika kufuta miwani. Anasema kwa Pieter hiyo ni hotuba nzima.

Kibao bado kiko kwako. Dalali anasema watu wawili wameulizia. Sikuulizi kitu. Nakueleza tu, kibao kiko.

Ofelia

*

El Rincón, kusini mwa reli
9 Novemba 2022

Dada Ofelia,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Najua inakukuta mzima, kwa sababu nakuona kupitia dirisha la jikoni, unatandika meza.

Utashangaa kuipata kwa posta wakati tunatenganishwa na njia mbili za chuma na bustani ya Baltazar. Lakini tangu tuhamie hapa na Marjatta mwezi uliopita, na kibao kile akakitumia kuwashia jiko, tumekuwa tukipiga kelele tu juu ya ua, na wewe husikii nusu yake. Kuna mambo nayaweza kwenye karatasi tu.

Jana nilipiga kura ukumbi mmoja na wewe, karatasi moja na yako, majina yaleyale. Nilisimama kwenye foleni kati ya Baltazar na mkulima nisiyemjua, wanabishana juu ya kalvati na nani kati ya wagombea aliyekanyaga matope yake kweli. Wote wawili walikuwa wameyakanyaga. Wagombea wote wawili, Dada, walikuja mpaka mtaroni na kuchafua viatu. Sikumbuki lini mtu anayetaka kura alichafua kiatu kwa ajili yetu. Nilitoka nikalazimika kukaa kidogo kwenye ngazi. Marjatta alidhani ni moyo. Nikamwambia ndiyo, lakini si wa kwenda hospitali.

Uliniuliza kiangazi kwa nini nilibadili nia, nikasema mkate wa Duluth unachosha. Si kweli. Ni yeye aliyebadili. Alisema duka anaweza kumpa binti yake, na jiko la mikate linajengeka popote, lakini mikono ya kupokea jeneza hainunuliwi. Nilidhani anatania. Kesho yake alikuwa anapima magunia ya unga.

Kuna jambo jingine, na hili siliulizi, nalitaja tu. Nyumba yangu inatazama ua wako. Kuna gari la shamba, lenye matope, ambalo hulala hapo. Mimi ni mpishi tu.

Mdogo wako,
Remi

*

El Rincón, kaskazini mwa reli
11 Novemba 2022

Remi,

Barua yako imezunguka mpaka mjini na kurudi ili kuvuka bustani ya Baltazar. Mtu wa posta anasema sisi ni wagonjwa.

Sote hatujambo. Uji wa mahindi umeiva na unapoa. Acha kuchungulia dirishani, vuka. Mlete wifi yangu na ule mkate wake wa tofali. Shemeji yako ameshakaa mezani.

Ofelia